Pasi Kumi za Skuta

Ni Jumamosi asubuhi, na ukungu wa milima ya Nyandarua bado umeulalia mtaa wa Skuta. Kocha amefika kabla ya watoto. Anashusha wavu begani, anatoa mipira sita ya saizi namba nne, na kuibonyeza kwa kidole gumba mmoja baada ya mwingine. Wa tatu umelegea. Analowesha sindano ya pampu kwa mate, anaujaza taratibu, kisha anaubonyeza tena.

Halafu anapanga koni. Hesabu yake ni ya miguu: hatua saba, koni, hatua saba, koni. Watoto wanapowasili, kila wawili wanasimama wakitazamana, mpira mmoja kati yao.

Zoezi lenyewe ni pasi ya chini, kumi kwa kila mtoto. Kocha anatazama miguu, hatazami nyuso. Mguu wa kuegemea utue kando ya mpira, vidole vikimwelekea mwenzako. Kifundo cha mguu unaopiga kikazwe. Upande wa ndani uguse katikati ya mpira, na mguu uufuate kidogo ulikokwenda. Anayepokea naye ana kazi yake: auendee mpira, kisha arudishe mguu nyuma mpira unapomgusa, kama mtu anayepokea kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni.

"Kahora," Kocha anasema kwa Kikuyu. Polepole.

Mvulana mmoja anachoka na utaratibu huo. Anaukanyaga mpira, anazunguka, anaupiga kwa kisigino, nao unafika. Vijana wa bodaboda barabarani wanampigia honi. Kocha anatabasamu. "Nzuri. Sasa nipe tisa zilizobaki."

Tatu zinafika. Sita zinapotelea nyasini.

Kila raundi ikiisha, Kocha anafungua daftari la shule na kuandika kwa penseli idadi ya pasi zilizofika. Nilipomwomba nilitazame, alinipa bila maneno. Mstari wa mvulana yule, raundi baada ya raundi: 10, 3, 9, 2, 4. Chini yake ni wa msichana aliyevaa soksi zisizofanana: 6, 7, 7, 8, 8. Hakuna aliyewahi kumpigia honi.

Wakenya tunalikumbuka bao la kichwa la Victor Wanyama, Celtic ilipoifunga Barcelona 2-1 mnamo Novemba 7, 2012. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa ya kiungo mkabaji: kunyang'anya mpira, kumpa aliye karibu, kurudi mahali pake. Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka Southampton mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Pasi ya namna hiyo haionyeshwi kwenye marudio ya televisheni. Huonekana siku isipofika.

Jua linapasua ukungu. Raundi ya mwisho: msichana anapiga, anapokea, anapiga. Kocha anahesabu kwa midomo, kisha anaandika 8, ya tatu mfululizo. Anaweka penseli nyuma ya sikio, anatembea hadi kwenye koni ya msichana, anaiinua na kuisogeza nyuma hatua moja.

Hasemi kitu. Msichana anaitazama koni, anapima umbali kwa macho, anavuta soksi juu. Kisha anaweka mguu wa kuegemea kando ya mpira.