Boga la Kijivu Limeiteka Meza!

Wapenzi wa meza nzuri, acheni mnachofanya! Nimeiona meza ya kwanza ya msimu huu wa kupukutika majani huku Massachusetts, na katikati yake halikukaa boga la rangi ya chungwa. Limekaa boga la kijivu kinachoelekea buluu, pana, lenye mifuo mirefu iliyozama kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni. Ubavuni mwake lipo jekundu lililobonyea, na jingine la waridi lililojaa vipele. Meza ni ya shangazi mmoja Mkenya anayeishi Lowell, na niliizunguka yote kabla sijamaliza kumwamkia.

Hilo la kijivu ni Jarrahdale, lenye jina la mji wa Australia Magharibi. Jekundu ni Rouge Vif d'Etampes, boga la Kifaransa ambalo kampuni ya mbegu ya Burpee ilianza kuliuza Marekani mwaka 1883. Wauzaji wa huku hupenda kuliita Cinderella, kwa kuwa ukiliona tu unafikiria gari la farasi la binti yule wa hadithi. Na la waridi, jamani, la waridi! Linaitwa Galeux d'Eysines, na vipele vyake si ugonjwa. Ni sukari inayojikusanya chini ya ganda boga linapokomaa. Kadiri linavyozidi utamu ndivyo linavyozidi kujipamba, bila mkono wa mtu!

Kwa nini meza hii imenipa wazimu wa furaha? Kwa sababu ya rangi, na rangi hizi zina siri. Baridi inapokaribia, kijani cha klorofili huvunjika ndani ya jani na karotenoidi zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza, manjano na chungwa. Jamii hiyo hiyo ya karotenoidi ndiyo inayolipa boga la kawaida rangi yake. Basi ukitandaza majani ya chungwa kisha ukaweka boga la chungwa juu yake, vitu hivyo ni ndugu wa damu, vinapatana mno hadi kimoja kinakimeza kingine. Weka sasa lile la kijivu. Kila jani linawaka! Na majani mekundu ya maple, ambayo wekundu wake ni anthosianini zinazotengenezwa na jani lenyewe siku zake za mwisho mtini, yakilalia ganda lile la kijivu yanatoa uzuri ambao sijawahi kuuona kwenye pambo lolote la dukani.

Shangazi hakutandika kitambaa cha kufunika meza nzima. Ameacha mbao zionekane, akapitisha katikati ukanda mrefu wa kitani kisichopaushwa, wenye mikunjo yake, haukupigwa pasi. Safi kabisa! Ukikinyoosha kitani kile kama sare ya shule, maboga yanaonekana yamepotea njia. Juu ya ukanda huo majani, matawi machache yenye matunda ya waridi-mwitu, vinara vya shaba vya urefu tofauti, na madalia ya rangi ya damu ya mzee aliyoyakata bustanini kabla ya jalidi ya kwanza kuyaua. Jalidi ikishapiga usiku mmoja, madalia huamka meusi, kwa hiyo anayeyataka mezani na awahi.

Kila mgeni ana kiboga chake mbele ya sahani. Vya chungwa ni Jack Be Little, vyeupe ni Baby Boo, na vyote viwili vinaenea kiganjani. Kwenye kikonyo pamefungwa uzi wa katani na kadi yenye jina la mgeni. Nilipoliona jina langu pale nilijisikia nimealikwa mara ya pili!

Halafu kuna jambo ambalo wapambaji wengi hulisahau, na hapa limefanywa sawasawa: meza bado ni ya kulia. Kila mtu ana sentimita 60 za kukunjua viwiko. Hakuna pambo linalozidi sentimita 30, isipokuwa mishumaa, ambayo ni myembamba na haimzibi mtu. Ukitaka kipimo kisichohitaji rula, kaa kitini: pambo likipita kidevu chako, lishushe. Mishumaa nayo haina manukato yoyote, na nalisisitiza hili kwa moyo wote. Mshumaa wa harufu ya mdalasini ukiwashwa karibu na pilau unaiua pilau.

Sasa subirini, maana meza hii ina maisha mawili! Inapofika jioni ya tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, haivunjwi. Inavikwa nyeusi. Mishumaa ya rangi ya maziwa inatolewa, myeusi inaingia. Shashi nyeusi iliyochanwachanwa inaning'inizwa ukingoni. Popo waliokatwa kwa karatasi ngumu wanatua kwenye vikonyo. Shangazi alinionyesha mabadiliko yote kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai, na chumba kikageuka kabisa.

Popo wa karatasi wana ukoo mkubwa kuliko wanavyoonekana. Wahamiaji wa Ireland walileta Marekani desturi ya kuchonga nyuso kwenye mboga, kwao wakitumia tanipu, na huku wakalikuta boga, zao la asili la bara hili, kubwa na rahisi kuchonga. Lakini aliyeipeleka Halloween mezani kwa nguvu ni mtengenezaji wa karatasi. Kampuni ya Dennison ya Framingham, mji wa jimbo hili hili, ilitoa kijitabu cha Bogie Book mwaka 1909, ikiwafundisha watu kupamba karamu kwa karatasi ya krepu: vitambaa vya meza, leso, paka weusi, wachawi. Leo vijitabu vile vinawindwa na wakusanyaji. Kwa hiyo ukishika mkasi na karatasi nyeusi, unaingia kwenye ufundi wenye zaidi ya karne moja!

Najua nyumba nyingi za Waswahili hazitaki mafuvu wala wachawi mezani kwao, kwa sababu za imani, na uzuri wa meza hii ni kwamba haipungukiwi kitu bila ya hivyo. Iache kwenye maisha yake ya kwanza. Majani, kitani na boga la kijivu vinatosha kuanzia Septemba hadi Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba.

Ndiyo, hadi Novemba! Boga lililochongwa huanza kuoza baada ya siku chache, ila zima, lenye kikonyo chake na ganda lisilo na jeraha, hukaa wiki nyingi mahali pakavu penye ubaridi. Usilibebe kwa kikonyo, maana kikivunjika uozo unaingilia hapo hapo. Na weka kisahani au kipande cha kadibodi chini yake, kwa sababu unyevu wa kitakoni huacha doa kwenye mbao.

Vitu viwili nisingevikaribisha kwenye meza hii kamwe. Cha kwanza ni utando wa buibui wa nyuzi za plastiki, ule unaouzwa kwenye mifuko: nyuzi zake huingia kwenye chakula na hushika moto upesi. Cha pili ni barafu kavu ndani ya bilauri. Moshi wake unavutia, lakini ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri na kipande kikimezwa kinaunguza koo.

Na bado sijafika kwenye raha yenyewe! Maboga haya yanaliwa. Jarrahdale lina nyama nene ya chungwa iliyokolea, tamu, isiyo na nyuzinyuzi nyingi, na shangazi amekwisha kuliwekea nadhiri: litaondoka mezani likiwa zima, halijapakwa rangi wala kuchongwa, liingie sufuriani kwa tui zito, sukari kidogo na iliki iliyopondwa. Boga la nazi la Jarrahdale, huku Lowell, theluji ikikaribia! Nimeshaomba nafasi yangu. Nawe ukiishi upande huu, nenda kwenye vibanda vya wakulima kandokando ya barabara mapema, Septemba ikiwezekana. Usianzie kwenye rundo la chungwa lililo mbele. Pita hadi nyuma, uliza ya kijivu, chagua lenye kikonyo kirefu na kitako kipana kinachokaa bila kuyumba, na ukilikuta lenye buluu iliyokolea, lichukue hapo hapo!