Shaba Ikichoka

Kilo moja ya shaba ukiivuta mpaka iwe waya wa milimita moja, unapata mita 140 na ushee. Ukiendelea hadi nusu milimita, zinafika 560 na zaidi. Hesabu hiyo niliipiga nyuma ya bahasha, nikajiona nimeshakuwa fundi.

Sonara mmoja wa Manika, hapa Kolwezi, ambaye namwita Papa, aliniazima bamba lake la kuvutia waya. Ni kipande cha chuma kigumu chenye safu ya matundu, kila tundu dogo kidogo kuliko lililotangulia, pana nyuma na jembamba mbele kama faneli. Nilichukua waya wa umeme, nikauchuna plastiki, nikachonga ncha yake kwa tupa, nikaupaka mawese, nikaupitisha na kuukamata kwa koleo upande wa pili. Tundu la kwanza ulipita. La nne nikawa natokwa jasho. La saba nilivuta kwa kishindo, nikajikuta nimeketi chini na koleo mkononi na kipande cha shaba kisichozidi kidole.

"Mwana," Papa akasema bila kucheka, "iko nachoka. Rudisha ku moto."

Ndiyo siri yote. Shaba inaposukumwa na kubanwa inakuwa ngumu, na ikizidi kuwa ngumu inavunjika. Unaizungusha kama kata ya maji, unailaza juu ya makaa ndani ya jiko la mbabula mpaka iwe nyekundu ya giza, unaitumbukiza majini. Feleji ukiipasha moto mkali kisha ukaitumbukiza majini, inazidi ugumu. Shaba inatoka laini kama utepe. Kisha unaisugua kwa ndimu ule weusi utoke, unapaka mafuta, unaanza tena. Mkono wa fundi ndio unaojua wakati: koleo linapoanza kutetemeka kidogo tu, yeye ameshaacha. Mimi nilikuwa nikisubiri lipige kelele.

Ufundi huu si mgeni Katanga. Msiri, aliyejenga Bunkeya na kutawala kutoka huko mpaka alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa Msumbwa wa Unyamwezi, mtoto wa mfanyabiashara aliyekuja kufuata shaba. Wasanga waliokuwa hapa tayari walikuwa mabingwa wa kuyeyusha: walichimba malakiti wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza mivukuto, wakamimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ndiyo iliyokuja kuwekwa juu ya bendera ya Katanga mwaka 1960. Wayeke, watu wa Msiri, waliongeza ufundi wao wa waya. Waliyeyusha shaba upya ili isafike, wakaifua iwe fimbo ndefu, wakaivuta tundu kwa tundu. Ule mwembamba kabisa waliuzungusha kwenye nyuzi za mmea au singa za mnyama, ukawa bangili. Kwa Kiswahili cha zamani waya kama huo huitwa nyerere. Neno zuri, na sijui kwa nini tumeliachia sisimizi peke yao.

Mwaka 1924 Monsinyori de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini, aliwaomba wazee wawashe tanuru tena aone, naye akaandika juu ya hao aliowaita walaji wa shaba. Wakati ule kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kuzimwa. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, haikuhitaji mivukuto ya ngozi.

Bunduki nazo ziliitegemea shaba hii. Magobori yaliyofika Bunkeya kutoka pwani ya Angola na kutoka mashariki mengi yalikuwa mazee hata kabla ya kuanza safari, na madini ya risasi hayakupatikana kwa urahisi katikati ya bara, basi watu wa Msiri wakapiga risasi za shaba. Kitako cha mti kikipasuka, hapana duka la kununulia kingine. Tazama magobori ya Afrika ya Kati yaliyo katika makumbusho: mengine yamefungwa waya shingoni, mzingo juu ya mzingo, bila nafasi ya kupitisha ukucha. Wageni huandika kwamba ni pambo. Ni pambo, ndiyo, lakini mara nyingine ukiuondoa waya ule, bunduki inabaki vipande viwili.

Siku hizi malori yanapita Kolwezi yakielekea mpakani Kasumbalesa, yamebeba shaba safi iliyobanwa kwa mikanda, sahani juu ya sahani. Fundi wa kusuka mota, akihitaji kilo mbili za waya, ananunua uliovutwa ng'ambo, umerudi kwenye kibiringo kama mgeni. Papa ameliona hilo miaka mingi, halimshughulishi tena. Mimi linanikera kila ninapolipa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi. Safari hii nilirudisha ku moto kila baada ya matundu matatu, mara nyingine bila sababu, kwa woga tu. Jioni nilikuwa na waya wa mita tano hivi, wenye mawimbi mahali nilipositasita. Papa aliupitisha kati ya vidole viwili, akanyamaza kwenye kila wimbi. Kisha akaleta nyundo yake ndogo, ambayo mpini wake ulikuwa na ufa. Alilaza uzi uliokunjwa kitanzi juu ya ufa, akaanza kuzungusha waya wangu juu yake, akiukaza kwa dole gumba kila mzingo. Alipofika mwisho alipitisha ncha katika kitanzi, akavuta uzi, ncha ikazama chini ya mizingo na kupotea.

Aliigonga nyundo kwenye fuawe mara tatu, akasikiliza, akairudisha mahali pake ukutani.