Mchanga Ndio Mali

Kabla ya kugusa maji, mzee anachomoa waya za pampu na za kipasha-joto cha tangi lake la samaki. Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na samaki wa Ziwa Tanganyika hawaipendi baridi yake. Lakini kipasha-joto kikiachwa na umeme huku maji yakishuka, kioo chake huweza kupasuka. Kisha anakunja mikono ya shati, anakaa mbele ya tangi na kutazama mchanga.

Ni mchanga mwembamba wa mto, kina chake kama sentimita 5. Ule mweusi wa lava uliozagaa mjini aliukataa: una makali, na samaki hawa hubeba mchanga mdomoni. Ni wadogo kuliko kidole, aina ya *Neolamprologus multifasciatus*, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono wa Ziwa Tanganyika. Kutwa wanachimba. Kwa hiyo uchafu wao haukai juu tu, unafukiwa.

Chombo chake ni mpira wa plastiki na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Shingo ya chupa imeingizwa mpirani. Upande mpana ndio unaoshuka mchangani. Kazi yote inategemea upana huo. Katika mpira mwembamba maji hukimbia na kuzoa kila kitu. Ndani ya chupa yana nafasi, hupanda polepole, yakiwa na nguvu ya kuinua kinyesi na mabaki ya chakula lakini si ya kuifikisha punje ya mchanga shingoni.

Anauzamisha mpira wote ujae, anaziba ncha kwa dole gumba, anaishusha kwenye bidoni la njano lililokatwa juu, anaachia. Hanyonyi kwa mdomo. Chupa inaingia wima kando ya gamba la kwanza, bila kuligusa. Punje zinapanda, zinazunguka, zinasita katikati. Juu yake wingu la kahawia linajitenga na kutoweka mpirani. Punje zikizidi kupanda, dole gumba linaubana mpira na zinaanguka. Analegeza, zinapanda tena. Sijaona dole gumba lenye subira kama lile.

Mkono huo haukufundwa na tangi. Alikulia Kibua, kwenye barabara ya Masisi kwenda Walikale, na ujanani alikuwa akisafisha kasiterite, madini ya bati, mtoni. Kasiterite ina uzito wa karibu mara 7 ya maji, mchanga wa kawaida mara 2.6 hivi, na udongo laini hukawia kutua. Kule mchanga ulikuwa wa kutupwa, jiwe jeusi likabaki. Hapa mchanga ndio mali.

Kona ya nyuma ina doa jeusi. Mchanga uliokaa muda mrefu bila kuguswa hukosa oksijeni, na kufanya gesi inayonuka kama yai viza. (Watu wa Goma hawahitaji kuelezwa habari za gesi iliyofungwa chini ya maji, vilindi vya Ziwa Kivu vimejaa methani na kabonidioksidi.) Hapo haingizi chupa. Anachoma kijiti chembamba, anasubiri mapovu yaishe, anasogea kidogo, anachoma tena.

Mtoto wa jirani anauliza, "Papa, si uutoe wote tuuoshe na sabuni?"

"Tukiuosha wote, mwanangu, hawa watakufa."

Juu ya kila punje wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Ndiyo maana anasafisha theluthi moja tu, na kuacha nyingine ziendelee na kazi.

Mchanga kidogo uliopotelea kwenye bidoni anaumimina katika beseni. Anazungusha, anainamisha, tope linatoka, mchanga unabaki. Maji machafu yanakwenda kwenye mboga za lengalenga, ambazo nitrati ni chakula chake. Maji mapya ya bomba, yaliyolala wazi usiku kucha klorini itoke, asili yake ni Ziwa Kivu, ambalo kupitia Ruzizi hutiririka hadi Tanganyika. Maziwa yote mawili yana maji ya alkali, basi samaki hawaoni ugeni mkubwa. Anayamimina juu ya sahani ili yasichimbe shimo.

Kabla hajarudisha waya, dume mmoja ametoka gambani na kuanza kuchimba palepale palipotoka kusafishwa. Mzee anamwacha. Anachora alama nje ya kioo kuonyesha alipoishia. Theluthi ya kati ni zamu ya wiki ijayo.