Gado na Kivuli cha Abunuwasi

Abunuwasi hakuzaliwa katika hekaya. Jina hilo lilikuwa la malenga, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, akafariki mwanzoni mwa karne ya 9. Pwani yetu ilimpokea, ikamvua mashairi yake, ikambakishia ujanja. Mwaka 1996 Godfrey Mwampembwa, tumjuaye kwa jina la Gado, alimchora katika kitabu cha katuni, Abunuwasi, kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema. Atakaye kuifahamu falsafa ya mchoraji huyu na aanzie hapo.

Falsafa yenyewe ni fupi: hakuna mkubwa asiyechekeka. Kijana huyu wa Dar es Salaam alijiunga na Nation mwaka 1992, na kwa zaidi ya miaka 20 akawachora marais bila kuwaremba. Lakini Abunuwasi wa ngano hula kwa mfalme yule yule amchekaye. Na mchoraji wa gazeti humtegemea mhariri, mwenye mtambo na mwenye tangazo. Wavuvi wauzao dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, walijua hilo zamani: taa huwashwa na mmoja, nyavu huvutwa na wengi, na dhoruba haichagui wa kumzamisha.

Dhoruba ilivuma Januari 2015. Serikali ya Tanzania ililipiga marufuku gazeti la The East African, ikitaja kasoro ya usajili. Wengi walikumbuka katuni ya Gado iliyomwonyesha Rais Kikwete akistareheshwa na wanawake waliopewa majina ya maovu ya utawala. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na Nation haukuendelezwa. Mwenyewe aliona humo mkono wa wanasiasa.

Kwa maoni yetu, katuni ile si miongoni mwa zilizo bora zake. Maovu ya wenye madaraka yamevikwa miili ya wanawake, njia iliyochakaa kwa mkono usioogopa Ikulu. Abunuwasi wa sufuria lililozaa humnasa jirani kwa tamaa ya jirani mwenyewe. Hahitaji kumdhalilisha mtu wa tatu. Hata hivyo, udhaifu wa mchoro hujibiwa kwa uhakiki kama huu, haujibiwi kwa kufunga gazeti zima. Msomaji wa Kirumba alinyimwa katuni, na pamoja nayo kila habari iliyochapwa kando yake.

Je, msimamo wa Gado ndio uliovunja ushirika? The XYZ Show, tamthilia ya vikaragosi aliyoianzisha kwenye televisheni ya Kenya mwaka 2009, yakanusha. Kule waandishi, waigizaji wa sauti na wachonga vikaragosi walikula kiapo kimoja cha kucheka, na kazi ikasimama. Ushirika huvunjika pale mmoja aonapo kicheko kuwa imani, na mwenziwe akakiona bidhaa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi twaongeza kwamba hata wawili huenda mrama, ikiwa kila mmoja ana bandari yake.