Charlotte Mason na Mtoto Asemaye Kiswahili: Uhakiki wa Mtaala wa Nyumbani

Miongoni mwa vitabu ambavyo wazazi wanaoamua kuwasomesha watoto wao wadogo nyumbani huelekezwa kwavyo, Home Education cha Charlotte Mason kina mahali pake pa pekee. Kilichapishwa mwaka 1886, kikitokana na mihadhara aliyoitoa mwandishi katika mji wa Bradford, Uingereza. Na ingawa umri wake umepita miaka 130, kingali kinachapishwa, kinasomwa na kufuatwa, hata hapa Kenya. Mzazi anayekipima kwa kawaida huuliza maswali ya haki: je, kinaafikiana na dini ya nyumbani? Gharama yake ni kiasi gani? Mtoto akitaka kuingia shule baadaye, atapokewa katika darasa lipi? Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni la lugha. Mtaala hudhaniwa kuwa kama chombo kitupu, kwamba waweza kutiwa Kiingereza leo na Kiswahili kesho pasipo chombo chenyewe kubadilika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba sehemu za mtaala huu zilizo bora kwa mtoto wa Kiingereza si lazima ziwe bora kwa mtoto asemaye Kiswahili. Aidha, ziko sehemu ambazo kwa Kiswahili zingefaa zaidi kuliko zilivyowahi kufaa kwa Kiingereza.

Mason alizaliwa mwaka 1842, akafariki mwaka 1923. Mwaka 1892 alifungua huko Ambleside, kaskazini ya Uingereza, chuo cha kuwafunza walimu wa kike wa majumbani, na chama chake cha wazazi kiliyapelekea majumba yaliyojiandikisha ratiba za masomo na mitihani kwa njia ya posta. Kwa hiyo hakuwa mwananadharia wa mezani tu. Alijua ni nini kinachowezekana katika chumba kimoja chenye watoto watatu wa umri mbalimbali. Msingi wa mafundisho yake ni kwamba mtoto ni mtu kamili tangu azaliwapo, wala si debe la kumiminiwa maarifa. Kutokana na msingi huo yanafuata mengine yote: masomo rasmi yasianze kabla ya miaka 6, somo la mtoto mdogo lisizidi dakika 20, saa nyingi za siku zitumiwe nje, chini ya anga, na vitabu asomewavyo viwe vitabu hasa, si makapi yaliyochujwa kwa kisingizio cha utoto. Watumishi na walezi wa kuajiriwa waliokuwamo katika majumba aliyoyaandikia ni jambo la tabaka na la zama zake, na mengi yamekwisha kusemwa juu yake; halihitaji kurudiwa hapa.

Nguzo kuu ya mbinu zake ni masimulizi. Mtoto husomewa kifungu mara moja, mara moja tu, kisha huambiwa asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna maswali ya kujaza nafasi wala majibu ya ndiyo na hapana. Mtaalamu yeyote wa fasihi simulizi ataona mara moja kwa nini wazazi wa Afrika Mashariki huipenda mbinu hii: inafanana na yale waliyoyaona kwa nyanya zao. Hata hivyo, mfanano huo wapaswa kupimwa kwa uangalifu, kwani chini yake mna tofauti kubwa. Masimulizi ya Mason ni tendo la msikilizaji mmoja aliyenyamaza mbele ya kitabu. Hadithi ya Kiswahili huanza kwa mwito na jibu. Msimulizi akisema "paukwa" hawezi kuendelea mpaka aambiwe "pakawa". Wasikilizaji huimba kiitikio, humkatiza msimulizi, humkosoa akiruka tukio. Wala hadithi haisikiki mara moja. Mtoto huisikia mara ishirini, na ndiyo sababu anaweza kumkosoa mkubwa wake.

Basi ziko kumbukumbu za aina mbili. Mason anakuza ile ya usikivu: mtoto ajue kwamba neno likipita halirudi. Simulizi ya jadi inakuza ile ya umbo: mtoto aipate hadithi pamoja na mapigo yake, tamathali zake na hata pumzi zake. Ya kwanza humfaa sana msomaji wa vitabu. Ya pili ndiyo inayomjenga msemaji. Mtoto wa Nairobi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni na cha mtaani, kilichochanganyika na Sheng, hana uhaba wa usikivu. Ana uhaba wa umbo. Kumsomea hadithi ya Kiswahili sanifu mara moja na kumtaka aisimulie ni kumdai mali ambayo hajapewa. Katika miaka miwili ya kwanza sheria ya mara moja inafaa iwekwe kando kabisa, hadithi irudiwe, na mtoto aingizwe ndani yake kama mwitikiaji kabla ya kuwa msimulizi. Wafuasi wakali wa Mason hawatalipenda pendekezo hili. Lakini sheria yenyewe ilitungwa kwa watoto waliosomewa katika lugha waliyozaliwa nayo.

Penye uzito zaidi ni katika kufundisha kusoma. Mason alitambua, tena kwa ukali, kwamba tahajia ya Kiingereza haina utaratibu wa kutegemewa. Kwa hiyo alichanganya njia mbili. Kwanza mtoto hucheza na herufi, akiziandika katika sinia ya mchanga na kubadilisha herufi ya mwanzo ili neno moja lizae jingine. Kisha, kwa kuwa herufi zitamhadaa baadaye, hufundishwa kuyatambua maneno mazima kwa macho, kama atambuavyo nyuso za watu. Maneno ya shairi fupi huchapwa katika vipande vya karatasi, vikatiwa ndani ya kisanduku, na mtoto hujifunza kuyachagua na kuyapanga.

Kwa Kiingereza, hiyo ni dawa ya busara kwa ugonjwa halisi. Kwa Kiswahili, ugonjwa wenyewe haupo. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Na mtoto aliyekwisha kuzijua silabi aweza kulitamka neno ambalo hajapata kuliona. Njia ya ba, be, bi, bo, bu, ambayo baadhi ya wazazi wa kisasa huidharau kwa kuiona ya kizamani, si mabaki ya umaskini wa shule za zamani. Ni njia iliyolingana na muundo wa lugha. Matatizo ya msomaji mchanga wa Kiswahili ni mengine, wala hayamo katika kitabu cha Mason: tofauti ya ng katika ngoma na ng' katika ng'ombe; m ya mtu, ambayo ni silabi peke yake, na m ya mbegu, ambayo siyo; herufi mbili zisimamazo kwa sauti moja, kama dh na sh. Mzazi anayefuata mpangilio wa Kiingereza atatumia miezi mingi kutibu lisiloumwa, na lile linalouma atalipita asilione.

Kisanduku cha maneno kina kasoro kubwa zaidi, nayo ni ya kimofolojia. Kipande kimoja cha karatasi chenye neno read kitatumika kwa mimi, wewe, sisi na wao. Kwa Kiswahili, ninasoma, walisoma, hatutasoma, aliyekisoma na hawakunisomea ni maneno matano, na bado kitenzi ni kimoja. Mtoto akitakiwa kuyatambua kama nyuso, nyuso hizo hazina mwisho. Vivyo hivyo katika vivumishi: picha za mtu, kiti, mti na ua hazitoshelezwi na kipande kimoja cha -zuri, kwa kuwa mtoto atahitaji mzuri, kizuri na zuri. Kisanduku chenyewe si kibaya. Kinachotakiwa ni kukatwa kwingine: vipande viwe vya viambishi na mizizi, wa-, -li-, -ki-, -soma, na mtoto aviunganishe. Hapana haja ya kumtajia neno kiambishi. Mtoto wa miaka 6 anayekisema Kiswahili anavijua vyote kwa sikio lake, na pengine angecheza mchezo huo kwa raha kuliko mtoto wa Kiingereza anavyocheza wake. Hapa ndipo lugha inapomlazimisha mzazi kuugeuza mtaala, na inapomlipa kwa kufanya hivyo.

Kuhusu saa za nje, itoshe kusema kwamba mzazi anayeishi katika ghorofa ya nne hatazipata zote, na Mason asingemlaumu. Lililo muhimu ni majina. Mtoto hutakiwa kuwa na daftari la kuandikia na kuchorea alivyoviona. Vitabu viandamanavyo na mtaala vimejaa mwaloni na ndege wa Uingereza. Mtoto huku hujifunza kutaja asivyoviona na kuviona asivyoweza kuvitaja. Aulizwapo ndege aliye dirishani, husema "ndege". Daftari hilo likiandikwa kwa Kiswahili, likatofautisha kunguru na mwewe, chozi na shore, laweza kuwa somo la msamiati lisilo na mfano. Lakini kwanza mzazi mwenyewe itambidi ayajue majina hayo, au amwulize ayajuaye.

Linafuata suala la ratiba. Katika mpango wa Mason, lugha ya kigeni ni Kifaransa, kinachofundishwa kila siku kwa kinywa na sikio kabla ya maandishi. Mzazi wa Kenya anayeifuata ratiba hiyo jinsi ilivyo haoni nafasi nyingine ya kukitia Kiswahili ila hiyo ya Kifaransa. Tendo hili dogo lina maana kubwa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ratiba ya nyumbani inakifanya lugha ya ng'ambo. Kitasomwa kama somo, hakitasomewa kitu. Historia, hesabu, dini na ndege wa dirishani vyote vitapita kwa Kiingereza, na Kiswahili kitabakiwa na salamu, rangi na majina ya matunda. Katika nyumba nyingi za Nairobi mwalimu halisi wa Kiswahili ni yaya, na jina lake halimo katika ratiba yoyote.

Jambo la ajabu ni kwamba ndani ya nafasi hiyo hiyo ya Kifaransa Mason aliweka hazina. Katika toleo linalosomwa siku hizi anaisifu mbinu ya Mfaransa François Gouin, ambaye kitabu chake juu ya kufundisha lugha kilitoka mwaka 1880. Gouin alifundisha kwa misururu ya vitendo: mtu hukiendea kitu, hukishika, hukivuta, hukifungua, na kila kitendo husemwa kinapotendeka. Kwa Kifaransa au Kiingereza msururu huo ni orodha ya sentensi zilizosimama moja moja. Kiswahili kina kiambishi kilichoumbwa kwa kazi hiyo hasa. Aliuendea mlango, akashika komeo, akalivuta, akafungua, akaingia: -ka- inafunga kitendo na kitendo, na zoezi la lugha linageuka kuwa hadithi bila mwalimu kujisumbua. Mtoto aliyezoezwa hivyo kwa wiki chache amekwisha kupata uti wa mgongo wa masimulizi, na ile nguzo kuu ya Mason inapata pa kusimama. Ni ajabu kwamba kijisehemu kilichokusudiwa lugha ya kigeni ndicho kinachoifaa zaidi lugha ya nyumbani.

Yawezekana kupinga kwamba mjadala huu ni wa watu wachache. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi kumpeleka mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, na uhalali wa elimu ya nyumbani umekwisha kubishaniwa mahakamani. Suala hilo ni la wanasheria. Lakini watoto wanaofundishwa nyumbani wapo, na mtoto anayetolewa shuleni anatolewa pia katika vipindi vya Kiswahili ambavyo shule, pamoja na upungufu wake wote, ilimhakikishia. Isitoshe, hoja za hapo juu juu ya kisanduku cha maneno zinazihusu pia shule za watoto wadogo zinazofundisha kusoma kwa vitabu vilivyotungwa ng'ambo.

Linabaki suala la vitabu, na hapa Mason anamwacha mzazi wa Kiswahili mikono mitupu, kwani aliwaandikia watu ambao rafu zao zilikuwa zimejaa. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, chaweza kusomwa kwa sauti kwa mtoto wa miaka 8 au 9 mwenye mlezi mvumilivu. Kwa mtoto wa miaka 6, pa kuanzia ni pa zamani zaidi: Swahili Tales, mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870. Hadithi ya kima na papa, ambamo kima anajiokoa kwa kumsimulia papa hadithi nyingine, ya punda wa dobi, ina kila kitu ambacho Mason alikidai: hatari ya kweli, akili, na lugha isiyojishusha. Ina pia hadithi ndani ya hadithi, mtihani mzuri kwa msimulizi mdogo. Tahajia yake ya karne ya kumi na tisa na baadhi ya maneno yake yanahitaji mhariri, nayo ni kazi ambayo idara ya lugha yaweza kuifanya katika muhula mmoja.