Law Dome: jinsi hewa ya kale ilivyopewa umri

Vipimo vya mfululizo vya hewa ukaa vilivyoanzishwa na Charles Keeling vinaanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa miaka ya nyuma zaidi, shahidi mkuu ni viputo vya hewa vilivyofungwa ndani ya barafu ya Antaktika. Lakini shahidi lazima ahojiwe kabla ya kuaminiwa. Mahojiano makini kuliko yote, kwa maoni yangu, yalifanyika Law Dome, karibu na kituo cha Casey cha Australia, katika utafiti ulioongozwa na David Etheridge na kuchapishwa mwaka 1996.

Ugumu wa kwanza ni umri. Theluji ikianguka haifungi hewa papo hapo. Kwa makumi ya mita kwenda chini inabaki chembe zilizoshikana zenye upenyo katikati, na hewa ya nje huendelea kupita humo. Uzito wa theluji mpya huzishindilia chembe hizo mpaka penyo zinaziba, na hapo ndipo viputo huzaliwa. Kwa hiyo hewa ni changa kuliko barafu inayoizunguka. Kule Vostok, ndani kabisa ya Antaktika, penye theluji haba, tofauti hufikia maelfu ya miaka. Law Dome theluji ni nyingi mno. Katika kisima kiitwacho DE08 tofauti ni miaka 30 na kidogo tu.

Umri wa barafu ulipatikana kwa kuhesabu matabaka ya kila mwaka, kwa kuwa uwiano wa isotopu za oksijeni hupanda kiangazi na kushuka majira ya baridi. Ili kujua hewa huchukua muda gani kushuka, watafiti walifyonza hewa kutoka vina mbalimbali vya theluji ambayo bado haijaziba, wakaipima.

Ugumu wa pili ni kuitoa hewa bila kuiharibu. Barafu ikiyeyushwa, maji yanaweza kuchochea uchafu uliomo utoe hewa ukaa mpya, na kipimo kikapanda kwa uongo. Vumbi lenye kaboneti ndilo lililoitia doa barafu ya Greenland kwa kipimo hiki. Basi mche wa barafu uliotolewa kisimani ulichongwa gamba la nje, kipande safi kikatiwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa yote, kisha kikakunwa kikiwa kigumu na kikavu, kama nazi kwenye mbuzi. Hewa iliyotoka iliondolewa mvuke, ikakusanywa kwa baridi kali, ikapelekwa kwenye mtambo wa kuchambua gesi.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Viputo vichanga kabisa vilikuwa na hewa ya miaka ya 1970, wakati ambapo hewa ya Ncha ya Kusini ilikuwa tayari inapimwa moja kwa moja. Namba za barafu na namba za hewa ya wazi zikalingana. Hapo watafiti wakapata haki ya kurudi nyuma, na walichokikuta ni hiki: tangu mwaka 1000 hadi 1800, hewa ukaa ilikaa kati ya sehemu 275 na 284 kwa kila milioni. Baada ya hapo ikapanda bila kurudi.

Njia hii ina mipaka. Viputo havifungwi siku moja, hivyo kila sampuli huchanganya hewa ya miaka kadhaa. Katika mche wa Dome C, nao wa Antaktika, unaorudi nyuma miaka 800,000, mchanganyiko huo ni mpana zaidi, na badiliko la ghafla na fupi lingefifia. Hata hivyo, katika muda wote huo hewa ukaa haikuvuka sana 300. Leo imepita 420. Ongezeko kubwa namna hii, la gesi inayodumu angani karne nyingi, lisingepita bila kuacha alama.

Kila hesabu ya joto tuliloliongeza duniani huanzia kwenye takriban 280 ya kabla ya viwanda. Namba hiyo haikukisiwa. Ilithibitishwa kwa kulinganisha barafu na hewa ya wazi ya miaka ileile, na anayetaka kuipinga aanze kwa kuupinga ulinganisho huo.