Mtoro ni Nani? Yasmin na Mlango wa Kwao katika Filamu ya Vuta N'Kuvute

Filamu ya Vuta N'Kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo (1999), ni rahisi kuisoma kama kisa cha mapenzi na harakati za ukombozi katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Tahakiki hii inaisoma kama kisa cha familia, na inauliza swali moja: Yasmin ametoroka, au amefukuzwa?

Kitenzi toroka humbebesha lawama anayeondoka. Torosha humbebesha lawama anayedaiwa kumshawishi. Vyote viwili humwacha mzazi nje ya kosa. Nomino mtoro ina historia nzito zaidi. Katika karne ya 19, watoro wa pwani walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana wao, na wengi wa watumwa waliofikishwa Unguja kupitia Kilwa walitoka katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Leo, Mbinga na Mbamba Bay, kama kwingineko nchini, mtoro ni mwanafunzi asiyehudhuria shule. Maana imebadilika, lakini kiini kimebaki: mtoro ni mtu aliyeondoka chini ya mamlaka ya mwingine.

Katika riwaya, Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza mwenye miaka 52. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, nje ya mipaka ya rangi iliyolindwa na utawala wa kikoloni. Machoni pa ukoo yeye ni mtoro; kwa mtiririko wa matukio, ni mtoto aliyefungiwa mlango wa kwao. Kwa Mwajuma, kukimbia kunakuwa kukimbilia: kauli ya kutendea inadhihirisha kile kinachofichwa na toroka, yaani mahali pa kupokelewa.

Udhaifu wa filamu upo katika usawiri wa wazazi. Nafasi kubwa wamepewa Yasmin na Denge, na hofu ya jamii ndogo inayolinda jina na heshima yake kwa njia ya ndoa haikuchimbuliwa vya kutosha. Mtazamaji huwahukumu wazazi upesi, bila kuelewa ni vipi wanaompenda mtoto wao huweza kumkana.

Kuelewa huko kunahitajika hata sasa. Novemba 2021, miezi michache tu baada ya filamu kuanza kuoneshwa, serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito wangeruhusiwa kurudi shuleni. Kwa binti wa Mbinga au wa mwambao wa Nyasa, tangazo hilo hurudisha nafasi darasani. Haliwalazimishi wazazi kumpokea nyumbani, na hapo ndipo swali la Yasmin linapobaki hai.